Mlango Uliotangulia Nyumba

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uhame peke yako. Safari nyingine zote ulituamsha alfajiri, ukatugawia sufuria na kuku wa kubeba, ukatangulia na mlango mgongoni. Hii ya mwisho ulikwenda mikono mitupu, na hukumwambia mtu abebe nini.

Siku ya mazishi yako walisema mengi mazuri. Walisema ulikuwa mkulima wa kweli, na hakuna aliyebisha. Walisema ukiona jembe la mwenzako limekuwa butu hukutulia mpaka umelinoa, ukamrudishia kabla hajajua kwamba ulilichukua. Hilo nalo kweli. Halafu kila aliyesimama kusema alimalizia na lilelile, huku akitabasamu: "Ila marehemu wetu hakuwa mtu wa kutulia." Watu wakacheka na machozi yao. Sisi wanao tulicheka. Shangazi, dada yako, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka, aliinua kichwa naye akacheka. Mama peke yake hakucheka. Alikaa kiti cha mbele akichomoa nyuzi za shali yake, moja baada ya nyingine, mpaka Kidomo, binti yako, akamshika mikono.

Hatukumwuliza kitu, kwa kuwa aliyefiwa hasumbuliwi kwa maswali. Lakini mwaka huu umetuonyesha kwa nini hakucheka, na ndiyo sababu kumbukumbu hii ni ndefu kuliko zile zinazoenea kwenye kisanduku kidogo cha gazeti. Wasomaji watuwie radhi. Tulikuzika na neno ambalo halikuwa lako, na tunataka kulifukua.

Wasiokujua tuwaeleze kidogo. Wewe na Mama mlikuwa bado mnanukia harusi bonde hili lilipotangazwa kwamba liko wazi, mwenye mikono na afyeke. Wenzenu walikuja na vitu vya maana, mbuzi, magunia ya mbegu, mabati ya kuanzia. Ninyi mlikuja na shoka, jembe, sufuria moja, mbegu za mahindi zilizofungwa kwenye pindo la nguo ya Mama, na mlango. Mlango mzima wa mti mgumu, na bawaba zake na komeo lake. Babu mzaa mama alikuwa seremala, hana shamba wala ng'ombe, akamwambia binti yake, "Nyumba atakutafutia huyu bwana. Mimi nakupa pa kuingilia."

Jirani, ambaye alikuwa ametangulia kufyeka ng'ambo ya kijito, alikuona unachomoza vichakani umejitwisha mlango. Akaegemea shoka lake.

"Ndugu, huo mlango wa nyumba gani?"

"Yangu."

"Iko wapi?"

"Inakuja nyuma."

Jirani amesimulia kisa hicho tangu sisi hatujazaliwa, na kila akikisimulia mlango unaongezeka uzito. Siku hizi unalingana na ng'ombe mwenye mimba. Lakini kuna kipande ambacho Jirani hakijui, na sisi tulikipata kwa Mama. Usiku wenu wa kwanza mliuegemeza mlango kwenye mti mkalala nyuma yake, mbingu ndiyo paa. Asubuhi ulikwenda kuteka maji, na uliporudi hukupita pembeni. Ulisimama mbele ya mlango usio na nyumba, ukabisha hodi. Mama akasema, "Karibu." Ndipo ukazunguka.

Mwaka ule wa kwanza nguruwe mwitu walikula nusu ya mahindi, na nusu iliyobaki aliiokoa Mama kwa kugonga ile sufuria yenu ya pekee. Matokeo yake mlipika kwenye sufuria iliyobonyea mpaka mwanao wa kwanza, Kigoda, akaota meno. Mligawana kazi kama watu waliozaliwa nayo. Wewe uling'oa visiki, Mama akafuata nyuma akifukia mashimo kwa wayo. Ulikata alama ya kisu kwenye mpini wa jembe, kipimo cha upana wa mlango, ili popote utakaposimamisha nguzo mbili mlango uenee bila kubishana. Tulikua tukidhani kila mpini wa jembe duniani una alama hiyo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kijitoni, na hapo akazaliwa Kigoda, ambaye ulimpa jina hilo kwa sababu alichelewa kutembea, akikalishwa mahali anabaki hapohapo. Leo ni fundi cherehani mjini na bado amekaa. Kijitoni mlikuwa na kivuli, maji ya karibu, na kibaraza cha kunyooshea miguu. Kisha siku moja, mavuno yakiwa yameingia ndani, ulisimama uani ukajinyoosha, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo:

"Mama Kigoda, funga virago. Hapa pamenichosha."

"Pamekuchosha na nini?"

"Mbu."

"Mwanaume gani wewe? Una siafu miguuni? Sakafu hii nimeisiriba juzi!"

"Nisamehe mke wangu. Ndivyo nilivyoumbwa."

Ukang'oa mlango kwenye bawaba, ukajitwisha, ukapanda nao mpaka kwenye miamba. Mama akakufuata akinung'unika, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na wote waliopita njiani wakamhurumia. Miambani akazaliwa Kidomo, ambaye siku hizi ni nesi na hajanyamaza tangu siku hiyo. Huko ukaja kuchoshwa na upepo. Mkahamia penye kichuguu kikubwa, akazaliwa Kitinda, ambaye ndiye anayelima shamba lako leo. Kichuguuni ukachoka tena, mkahamia kando ya barabara, na safari hii ulisema Jirani anakohoa mno.

"Mimi nakohoa ng'ambo ya kijito!" Jirani alilalamika. "Kikohozi changu kina miguu?"

Lakini alikuja kubeba paa, kama alivyobeba mapaa mengine yote. Watu wakakubatiza Hamahama, jina likakuganda, na hata kwenye mizani ya kuuzia mahindi walikuitia hilo. Ulikuwa unaitika. Nyuma yako mahame yakabaki yakiota maboga, maana udongo wa nyumba iliyokaliwa una rutuba kuliko wote, na ya kijitoni yalikuwa makubwa kuliko yote. Jioni nyingi, kazi ikiisha, ulikuwa unasema, "Nashuka kutazama maboga." Ulishuka hata msimu ambao hakuna boga. Tulikuwa tunakucheka kwa hilo pia.

Mwisho sisi watoto tukachanga, tukawajengea nyumba ya matofali hapohapo kando ya barabara. Umeme upo, zahanati ipo jirani, mlango wa mbele wa chuma. Ulishukuru sana, ila ukasema hulali ndani kama mlango wako uko nje, ikabidi fundi apanue uwazi wa mlango wa chumba chenu ili aufunge hapo. Hapo ndipo ulipougua, na nyuma yake ndipo tulipokulaza.

Sasa tuseme habari za Mama.

Miezi ya mwanzo alikuwa kimya. Alilala, aliamka, alikula akiambiwa ale. Halafu mvua ya kwanza ilipokatika kitu kikamwingia. Akaanza kufagia uwanja kabla hakujapambazuka, na jua likichomoza anafagia tena palepale. Akahamisha mtungi wa maji kutoka kona moja kwenda nyingine, kesho yake akaurudisha. Akageuza kitanda, kichwa kikawa upande wa dirisha, kisha upande wa ukuta, kisha katikati ya chumba. Aliingia chumbani akasahau alichofuata, akitoka anakikumbuka, akirudi hakitaki tena. Alisema nyumba ina joto. Alisema ina baridi. Alisema barabara inamwangalia.

Na kuku! Tulimsikia akiwafokea uani kama watu wazima.

"Wewe mwekundu, unanikodolea nini? Umechoka? Si uondoke! Nani amekufunga?"

Kidomo alikuja na kipimo cha presha.

"Presha iko juu, Mama. Inabidi upumzike."

"Nimepumzika mpaka nimechoka."

"Unalala?"

"Nalala wapi? Kitanda kinanitupa."

"Basi nitakuletea vidonge vya kukusaidia usingizi."

"Kiletee kitanda hivyo vidonge," alisema Mama, akainuka kwenda kufagia.

Kigoda naye, ambaye haamini kuna tatizo lisilotibika kwa kukaa vizuri, alimshonea mito ya sofa, ya kitambaa kizito, imejazwa vizuri. Juma lililofuata tuliikuta kwenye banda, kuku wanataga juu yake. Tulicheka, lakini tulikuwa na hofu. Mama alikuwa anakwisha. Gauni alilovaa siku ya mazishi lilikuwa linamwelea, na machoni alikuwa kama mtu aliye kituoni anasubiri gari ambalo hajaambiwa linakuja lini.

Tukamwekea masharti, Baba. Usiende kijitoni peke yako. Usiamke mapema hivyo. Usibebe mtungi. Kidomo akataka mtoto mmoja wa Kigoda aje alale naye. Tulidhani ni majonzi, na majonzi tulikuwa tunayajua, kila mmoja wetu ana yake. Tulidhani akitulizwa atatulia.

Siku moja Kitinda alikuwa anapita nyuma ya nyumba na ndoo ya mbegu, akamsikia Mama anaongea kaburini pako. Hakutaka kusikiliza, lakini miguu ilikataa.

"Siwezi kukaa hapa," Mama alikuwa anakwambia. "Najitahidi, siwezi. Nikikaa kuta zinanisogelea. Na nikienda nitakuacha wewe hapa, mwaka haujafika. Watasema. Unawajua. Dada yako ndiye atakuwa wa kwanza. Mwenzangu, ungekuwepo ungesema wewe."

Kitinda aliiweka ndoo chini. Ungekuwepo ungesema wewe. Alilirudia neno hilo siku nzima akipanda, hata akapanda mstari mmoja mara mbili.

Hapo lazima tueleze alichokuwa anakiogopa Mama kwa Shangazi. Tulikisikia siku ya pili ya msiba, wanawake wakiosha vyombo, na Shangazi alikisema kwa mzaha wala si kwa ubaya. Bibi mzaa mama, mke wa yule seremala, alikuwa mtu wa njia. Leo yupo, kesho hayupo, mpaka siku moja akatoka kwenye mlango mmoja wa seremala na hakurudi tena. "Kaka alipotuletea binti yake," Shangazi alisema, "tukamwambia waziwazi: mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu hatakaa. Mama yetu alikataa hata kumpa maji. Kumbe wapi! Binti alikaa mpaka akaota mizizi, asiyekaa akawa kaka yetu." Akasuuza sahani. Mama alikuwepo, anapangusa vijiko, na hakuinua uso.

Basi Mama aliishi na neno hilo tangu siku ya harusi yake. Kuhama kwa mwanaume ni tabia, watu hucheka. Kwa mwanamke ambaye mama yake aliondoka hawacheki.

Juma lilelile ndama wa Kitinda alipotea. Akamfuata mpaka juu kabisa kwenye ukingo wa shamba, kipande kile ambacho hatujawahi kukilima kwa sababu ya mawe, na mahali ambapo hapakuwa na sababu ya mtu kufika alikuta pamefyekwa. Majani yalikuwa yameanza kurudi, lakini visiki vilikuwa vimekatwa kwa shoka lako. Kila mmoja wetu anaujua mkato wako ule wa kuegemea kushoto. Kulikuwa na nguzo za pembe nne, na upande mmoja nguzo mbili zimesimama karibukaribu. Kitinda alikuwa na jembe lako mkononi. Akaulaza mpini kati ya zile nguzo mbili. Kutoka nguzo hadi nguzo, mpaka kwenye alama ya kisu, kipimo kikaenea.

Ndama alikuwa amelala katikati ya kiwanja, amestarehe, kama mpangaji aliyelipa.

Kitinda alituita. Tulikutana kwa Kigoda, katikati ya vitambaa na masuruali yasiyo na wenyewe, akatueleza ya kaburini na ya kule juu. Kigoda akaacha kukanyaga cherehani, na hilo peke yake ni habari.

"Ngoja," alisema. "Alipokuwa anaumwa Baba aliniambia neno. Nilidhani ni homa."

"Neno gani?"

"Alisema, mama yenu akianza kugombana na kuku, chokeni ninyi."

Kitinda akasema taratibu kwamba kule kichuguuni, kabla hatujahama, anakumbuka Mama alimkimbiza jogoo na mwiko mpaka kwenye mahindi, na yeye alilia kwa sababu jogoo alikuwa wake. Kidomo akasema miambani ni kitanda. Kilikuwa kinageuzwa kila siku, akawa anaamka hajui miguu iko wapi. Na sote tukakumbuka ule ufagio wa alfajiri. Ufagio kwanza, kuku baadaye, na siku mbili tatu zikipita ndiyo wewe unasimama uani unajinyoosha na kusema hapa pamekuchosha.

"Kwa hiyo Baba hakuwa anahama," Kigoda alisema.

"Alikuwa anamhamisha Mama," alisema Kidomo, kisha akanyamaza. Mtu aliyemwita Kidomo alikuwa wewe, na tungependa ungemwona siku hiyo, alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Ulimwona mkeo anaanza kuhangaika, ukachoka kwa niaba yake. Ukasema mbu, ukasema upepo, ukamsingizia Jirani kikohozi. Ukajitwika mlango na jina. Na Mama akakufokea mbele za watu, kama mlivyokubaliana bila kukubaliana, ili mwenye siafu miguuni uonekane wewe. Na sisi, damu yako, tulikusindikiza kaburini kwa kicheko hicho hicho. Kigoda alilia kwanza, tukafuata. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliona afadhali arudi kesho.

Shangazi alifika mwezi mzima mapema kuandaa kumbukumbu ya mwaka, kama anavyofika mapema kwenye kila jambo asije akapitwa na la kusema. Tulikuwa sote uani tunapukuchua mahindi. Mama alikuwa ameinuka mara kadhaa bila sababu. Kigoda akasimama. Akajinyoosha, na mtu mnene akijinyoosha watu huona.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "funga virago. Hapa pamenichosha."

Gunzi likamtoka Shangazi mkononi.

"Pamekuchosha wewe? Wewe huishi hapa!"

"Ndiyo maana nimechoka zaidi, Shangazi. Nikija ni moshi wa malori, nikiondoka nauwaza. Mama yangu hawezi kukaa na moshi huu. Nimeona kiwanja kule juu. Nahama naye leo."

"Leo! Na kaburi la baba yako je?"

"Kaburi linaonekana kutoka kule. Nimekwenda kuangalia."

Alikuwa amekwenda kweli, Baba, kwa miguu, na alipumzika njiani mara nyingi tu.

Shangazi alimtazama juu hadi chini, kisha akapiga makofi, akageuka kwa wengine wote kutafuta mashahidi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Tazameni! Ni baba yake mtupu huyu! Tulidhani amekaa kumbe alikuwa anavuta pumzi. Wifi yangu, pole. Umemzika mmoja, umeibukiwa na mwingine."

Hatukumtazama Mama, tuliogopa kumtazama. Tulisikia mahindi yakimwagika kutoka mapajani pake. Aliinuka, akamsogelea Kigoda, akamkazia macho kwa muda mrefu, mpaka masikio ya kaka yetu yakachemka. Halafu akashika kiuno.

"Ninyi wanaume wa nyumba hii mna nini?" alifoka. Sauti hiyo hatujaisikia tangu ulipoondoka. "Mna siafu miguuni? Uwanja wenyewe nimeufagia sasa hivi!"

"Nisamehe mama yangu," Kigoda alisema. "Ndivyo nilivyoumbwa."

Mama aliingia ndani akinung'unika. Tulipomfuata tulikuta vyombo vimekwisha fungwa, nguo zimekwisha fungwa, na bawaba za mlango wako zimetiwa mafuta mpaka yanadondoka sakafuni. Kigoda alijaribu kuung'oa, akakwama.

"Inua kwanza, halafu vuta kwako," Mama alimwambia kwa sauti ya chini. "Baba yako alikuwa anainua kwanza."

Ukatoka. Kigoda akajitwisha, Kitinda akashika ncha ya nyuma, na ndivyo tulivyopanda. Jirani, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, alitoka nje akaona mlango unapanda kilima na mtu mnene chini yake.

"Nyumba iko wapi?" akapaza sauti.

"Inakuja nyuma!" Kigoda alijibu, akihema.

Jirani akavua kofia. Tunadhani ilikuwa kwa ajili yako.

Sasa tunaandika haya tukiwa kule juu. Kuta zimesimama, paa lipo, mlango umeenea kwenye nguzo zako kama ulivyopima. Ukikaa kizingitini unaona kila kitu kwa pamoja, barabara na kaburi lako, kichuguu, miamba, na chini kabisa kijito na maboga yake. Mama analala, kuku wana amani, na presha imeshuka kiasi kwamba Kidomo amekipima kipimo chenyewe. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba siri hii tutaitunza kama ulivyoitunza, na tulikuwa tumeandika tangazo fupi la kawaida, la mtu mwema, mkulima hodari, mcheshi, asiyetulia.

Jana Mama alitukuta tumekaa nje na karatasi.

"Mnaandika nini?"

"Kumbukumbu ya Baba."

"Nisomeeni."

Tukamsomea. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye mlango. Tulipofika kwenye "asiyetulia" alisema, "Hilo futeni."

Kitinda akashusha karatasi.

"Mnadhani sikujua?" alimgeukia Kigoda. "Wewe uliyelia siku ya kwanza ya shule kwa sababu benchi si lako, uchoshwe na mahali? Nilijua tangu ulipojinyoosha. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haja, kama nilivyokubali kwa baba yako miaka yote. Hatukusemezana hata siku moja. Nilikuwa nafoka, anasema nisamehe, tunakwenda." Akatazama chini bondeni. "Asiyetulia ni mimi. Yeye alikuwa anapapenda kijitoni. Angekaa pale mpaka leo. Mnadhani jioni zote zile alikuwa anatazama maboga?"

Hapo ndipo tulipokuona, Baba, umekaa peke yako juu ya mahame ya nyumba uliyoipenda, jua linazama, kisha unainuka, unajipangusa, unapanda kwenda nyumbani alipo yeye.

Kidomo alimwuliza, "Tuandike yote hayo, Mama? Na Shangazi akisoma?"

"Asome kwa sauti," alisema Mama.

Basi tumeandika. Na wewe Shangazi, ukifika hapa, kaa kitako kwanza. Tunakupenda, na chai yako iko tayari, ila panda polepole.

Anakukumbuka mkeo, mwenye siafu miguuni, ambaye kila asubuhi akifungua mlango hugonga mara moja kutoka ndani, na hatumwulizi kwa nini. Wanakukumbuka wanao, fundi cherehani wa kijitoni, nesi wa miambani na mkulima wa kichuguuni, pamoja na wake na waume zao na wajukuu zako, ambao wameanza kugombea ni nani atabeba mlango zamu ijayo. Anakukumbuka dada yako, upende usipende. Anakukumbuka Jirani, ambaye ameomba tuandike kwamba kikohozi kimepona. Kesho baada ya ibada tutashuka sote kijitoni, Mama akiwa mbele, tukae pale mpaka jua lizame. Maboga yapo au hayapo, hatuulizi.

Daima tutakukumbuka, Baba, mtu wa kutulia.